SOMO LA ROBO HII: Muuguzi Mwanafunzi Anapochagua Kuja Kwetu



Safari hii tunajifunza jambo linaloonekana kuwa la vyuo peke yake, lakini linagusa zahanati zetu: kozi za hiari katika shahada ya uuguzi. Tunalileta kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kulikosea.

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea wanafunzi wawili wa uuguzi katika zahanati moja ya usharika. Walikuwa na wiki tatu za kujifunza mahali walipopachagua wenyewe, nao wakachagua kwetu. Tuliwaandalia chumba na chakula, kazi hatukuwaandalia. Walishinda wakinakili daftari la wagonjwa. Siku ya kuaga, mmoja alitushukuru kwa ukarimu. Mwenzake aliuliza kama kijijini kuna wagonjwa wasioweza kufika zahanati. Wapo wengi, na hatukuwa tumempeleka kwa hata mmoja.

Kozi ya hiari ni nini?

Shahada ya uuguzi nchini kwetu huchukua miaka 4. Sehemu kubwa ni kozi za lazima: anatomia, uuguzi wa magonjwa ya ndani na ya upasuaji, ukunga, afya ya mtoto, afya ya akili, afya ya jamii. Hizo hakuna anayesamehewa, na ni haki, maana mgonjwa hachagui muuguzi atakayemkuta zamu.

Kozi ya hiari ni ile ambayo mwanafunzi anaichagua katika orodha ya chuo chake. Utaratibu huu ulipata nguvu katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, chini ya rais wake Charles Eliot aliyeanza kazi mwaka 1869. Vyuo vingine huruhusu pia mwanafunzi achague mahali pa kujifunzia kwa wiki chache.

Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Ukilinganisha na miaka 4 ni kidogo, lakini ni saa ambazo mwanafunzi ameamua mwenyewe azitumie wapi.

Tabora ina nini cha kufundisha?

Dar es Salaam, Moshi, Dodoma na Mwanza kuna vyuo, vifaa na mabingwa. Hatushindani nao. Sisi tuna mambo ambayo darasani husimuliwa tu.

1. Ugonjwa unavyosafiri. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi walibeba pembe za ndovu na vitambaa, na maradhi nayo yakasafiri pamoja na watu. Dk. James Christie, tabibu aliyekuwa Unguja wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, aliifuatilia njia ya ugonjwa huo kwa kukusanya habari za wasafiri na wafanyabiashara wa misafara, akachapisha kitabu mwaka 1876. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na watu hawajaacha kupita. Mwanafunzi atakayeuliza "umetoka wapi, umelala wapi, umekunywa maji gani?" anajifunza kazi ile ile.

2. Afya ya mkulima wa tumbaku. Anayechuma majani mabichi yenye umande hupenyezewa nikotini kupitia ngozi, akapata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Muuguzi asiyejua shamba anaweza kudhani ni malaria.

3. Tiba shufaa nyumbani. Hospitali ya Selian, Arusha, ya kanisa letu la KKKT, ni miongoni mwa waliotangulia nchini kumhudumia mgonjwa asiyetarajiwa kupona hadi kitandani kwake. Hapa mwanafunzi hujifunza kupunguza maumivu, na pia kukaa na familia.

4. Kusikiliza. Bibi anayesalimiwa "mwangaluka" mlangoni pake hueleza mengi kuliko anayeulizwa kwa haraka dirishani. Mwanafunzi hawezi kujua Kinyamwezi kwa wiki tatu, ila anaweza kujifunza kuingia nyumbani kwa mtu kwa adabu na kutumia mkalimani vizuri.

Kamati ifanye nini?

Kwanza, tuandikiane na chuo mapema: mwanafunzi anatakiwa kujifunza nini, na nani atampima. Pili, awepo muuguzi mwenyeji wa kumsimamia kila siku. Mwanafunzi haji kuziba pengo la mtumishi. Asipewe kazi iliyo juu ya ngazi yake hata kama foleni ni ndefu. Tatu, tuandae orodha ya nyumba za kutembelea, kila mgonjwa akiwa ameombwa ridhaa yake, naye akikataa aheshimiwe. Nne, siku ya mwisho tumwulize ameona nini ambacho sisi tumekizoea hata hatukioni tena.

Kwa wahisani wetu: hitaji hapa si jengo. Ni mafuta ya pikipiki ya kufika vitongoji vya mbali, glavu, na posho ndogo ya msimamizi, ambaye hubaki na wagonjwa wake wote huku akifundisha.

Hatuahidi kwamba kila atakayekuja atarudi kuajiriwa Tabora. Lakini atakayekwenda kufanya kazi mjini, siku akiletewa mgonjwa kutoka Urambo au Sikonge, atajua mtu huyo ametoka wapi na amepita njia gani kumfikia. Hilo nalo ni tunda.

Yule mwanafunzi aliyetuuliza swali hatukumjibu vizuri. Tujiandae kumjibu atakayefuata.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni wagonjwa gani katika usharika wetu wasiofika zahanati, na nani anawafahamu kwa majina?
2. Nani kati ya wauguzi wetu anaweza kusimamia mwanafunzi, na tumpunguzie kazi gani?
3. Mwanafunzi akifika mwezi ujao, siku yake ya kwanza ataanzia wapi?