Uteuzi wa Funguzi Sahili za Kete Nyeusi katika Sataranji

Utangulizi

Asili ya sataranji huhusishwa na Bara Hindi, ambako mchezo huo uliitwa chaturanga. Kutoka huko ulipitia Uajemi na nchi za Waarabu, na jina lake la Kiswahili limebeba athari za safari hiyo. Hata neno shaha, mfalme wa sataranji, limepanuka kimaana hadi likawa lakabu ya bingwa wa malenga. Makala haya yananuia kujadili swali moja linalomkabili mchezaji ambaye angali anajifunza: ateue vipi njia za kuanzia mchezo anaposhika kete nyeusi?

Kiini cha Tatizo

Katika maelezo yanayofuata, herufi a hadi h huwakilisha safu wima za ubao, nazo tarakimu 1 hadi 8 safu mlalo. Nyeupe ndiyo hutangulia. Yaweza kusogeza kitunda (askari mdogo wa mstari wa mbele) hadi e4, d4 au c4, au imtoe farasi hadi f3. Nyeusi sharti iwe na jibu kwa kila mojawapo.

Kwa sababu hiyo, wanagenzi wengi hukusanya funguzi chungu nzima na kukariri hatua kumi au zaidi za kila moja. Mpinzani akikiuka mpangilio katika hatua ya tano, mkariri hubaki njia panda: anajua kilichopaswa kufuata, lakini hajui ni kwa nini. Hana tofauti na mwanafunzi wa ushairi anayehesabu mizani pasipo kuyasikia mapigo. Mshika mbili, walisema wahenga, moja humponyoka.

Kigezo cha Uteuzi

Kigezo kinachopendekezwa hapa ni udugu wa funguzi. Mchezaji ateue majibu yanayojengwa juu ya umbo moja la vitunda, ili anachojifunza katika ufunguzi mmoja kimfae katika mwingine. Umbo la vitunda viwili, kimoja c6 na kingine d5, linakidhi kigezo hiki.

Dhidi ya e4: Utetezi wa Caro-Kann

Nyeupe ikianza kwa e4, Nyeusi hujibu c6, na baada ya d4 husogeza d5. Utetezi huu umepewa majina ya Horatio Caro na Marcus Kann, walioufanyia uchanganuzi katika miaka ya 1880. Mikhail Botvinnik aliutumia dhidi ya Mikhail Tal katika mapambano ya ubingwa wa dunia ya 1960, alipoupoteza ubingwa, na ya 1961, alipoutwaa tena.

Kazi ya kitunda cha c6 ni kukiunga mkono cha d5: Nyeupe ikila d5, kile cha c6 hulipiza, na Nyeusi hubaki na kitunda katikati ya ubao. Nyeupe ikisonga hadi e5, askofu wa Nyeusi (kete iendayo mshazari) hutoka hadi f5. Nyeupe ikikilinda kitunda cha e4 kwa farasi wa c3, Nyeusi hukila, farasi hulipiza, na askofu hutoka f5 kumshambulia. Farasi akirudi g3, askofu huondoka hadi g6. Hapo Nyeupe ikisogeza h4, Nyeusi hujibu h6, ili askofu apate kimbilio h7 asinaswe.

Dhidi ya d4: Utetezi wa Kislavu

Nyeupe ikianza kwa d4, Nyeusi hujibu d5, na baada ya c4 husogeza c6. Utetezi huu ulichezwa mara kwa mara Vladimir Kramnik alipomshinda Veselin Topalov mjini Elista mwaka 2006. Lengo ni lile lile: askofu atoke f5 kabla kitunda cha e6 hakijamfungia mlango.

Hata hivyo, ndugu hawafanani kwa kila hali. Farasi wakishatoka, askofu akikimbilia f5 mapema, Nyeupe hula d5, Nyeusi hulipiza, kisha malkia wa Nyeupe huja b3 kukishambulia kitunda cha b7 kilichoachwa bila mlinzi. Kwa hiyo Nyeusi hula kwanza kitunda cha c4. Nyeupe ikisogeza a4 kuzuia b5, ndipo askofu atoke. Hapa ndipo mkariri na mwelewa hutofautiana: mmoja hukumbuka mraba wa f5, mwingine hujua ni lini mraba huo ni salama.

Dhidi ya c4 au farasi wa f3, aghalabu umbo lile lile la c6 na d5 laweza kujengwa.

Hitimisho

Funguzi hizi hazimhakikishii mchezaji ushindi wa haraka. Michezo mingi itakuwa mitulivu, na anayependa makabiliano makali angevutiwa na Utetezi wa Sisilia, mradi awe tayari kulipa gharama ya muda wa kujifunza matawi yake mengi. Kwa mwanafunzi mwenye saa chache kwa juma, faida ya usahili ni kwamba hufika katikati ya mchezo akiwa na mfalme salama na mpango anaouelewa. Akishindwa, atajua ni wapi alipokosea, na mchezo wa kesho utakuwa na la kurekebisha.