Espreso ya nyumbani mbona inachachuka?

Swali: Msomaji wa Moshi amenunua mchanganyiko uliokaangwa mjini humo, arabika ya Kilimanjaro na robusta ya Bukoba. Kwa mashine yake, kahawa inatoka chachu na nyepesi. Afanyeje?

Jibu: Asilaumu buni. Robusta huleta povu zito na uchungu, arabika ya mlimani huleta ukali wa matunda. Uchachu ukitawala, mara nyingi maji yamepita haraka mno. Asage laini zaidi, asiguse kingine chochote. Gramu 18 za unga zitoe gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30, itiririke taratibu, nyembamba kama mkia wa panya. Ikizidi uchungu, arudi kwenye usagaji mnene kidogo.

Aangalie pia tarehe ya kukaangwa: kahawa ya juzi bado ina gesi nyingi, aipe wiki moja.

Na aionje kabla ya kutia sukari.