Umande wa Tumbaku Huleta Ugonjwa

Ndugu mkulima, msimu wa kuchuma tumbaku wengi huja zahanati wakitapika, wana kizunguzungu na kichwa kinawauma. Hudhani ni malaria. Damu ipimwe kwanza, lakini huenda ni sumu ya nikotini. Jani likilowa umande au mvua, sumu hiyo huyeyuka katika maji na kupenya ngozi, hata kama huvuti sigara. Watoto wasichume kabisa.

Ngoja umande ukauke. Vaa glavu zisizopitisha maji. Nguo zikilowa, zivue, uoge kwa sabuni.

Afisa wa kampuni inayonunua hukagua majani kwa makini sana. Na aikague mikono ya wachumaji pia. Chama cha msingi kidai glavu ziandikwe katika mkataba, pamoja na mbolea, kabla ya msimu.