Herufi Zinapogoma

Chukua daftari uandike maneno haya mawili: baba, dada. Yatazame. Herufi b ukiigeuza inakuwa d. Kila anayeanza kisomo huzichanganya, nasi walimu hatushangai. Lakini wapo wenzetu ambao miaka imepita, cheti wanacho, na bado kila ukurasa kwao ni kama kupanda Mlima Meru na mkungu wa ndizi kichwani.

Hapa Kikwe mtu wa namna hiyo anaweza kufika miaka 40 na zaidi ndipo ajitambue. Pengine ni siku mtoto wake anaporudi na daftari lenye makosa yaleyale yaliyomponza yeye kwa mwalimu. Mzazi anakaa kimya. Mbona huyu mtoto ni mimi?

Hali hiyo ina jina: disleksia. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu, anayeweza hesabu, ila kusoma kulimshinda. Leo tunajua kwamba ubongo wa mtu huyo hupata taabu kuunganisha sauti na herufi. Mara nyingi hali hii hufuata ukoo. Si uvivu, wala hakurogwa mtu.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. (Wanaosoma Kiingereza wana taabu zaidi, maana huandikwa hivi kikasomwa vile.) Kwa hiyo mwenye disleksia anaweza kusoma Kiswahili bila kukosea sana, ila polepole mno. Akifika mwisho wa habari, mwanzo umeshampotea. Mtihani wa kisomo wa taifa wa mwaka 1975 ulipima nani anajua kusoma. Kwa nini mwingine anachoka, hilo halikuulizwa.

Lakini kwanza tuyaangalie macho. Baada ya miaka 40 macho hupungua nguvu ya kuona vitu vya karibu. Ukisogeza gazeti mbali likasomeka, unahitaji miwani, nenda ukapimwe. Ikiwa herufi unaziona vizuri na bado hazikai kichwani, hapo ni jambo jingine.

Dawa ya kumeza hakuna. Njia zipo. Funika mistari ya chini kwa kipande cha karatasi. Kata neno: m-fe-re-ji. Litamke huku ukiliandika kwa kidole mchangani. Soma dakika kumi kila siku, si saa mbili Jumapili. Habari ndefu mwombe mtu akusomee kwanza, kisha uifuate mwenyewe. Na anayekucheka muulize: mtu anayeshika kichwani zamu za maji za majirani wote, akauza mahindi Tengeru asipunjwe hata shilingi, huyo amekosa akili gani?

Na yule mtoto? Mzazi nenda mwenyewe kwa mwalimu wake, umwambie, "Hata mimi nilikuwa hivi." Mwalimu akijua mapema ataweka fimbo kando, ampe muda zaidi, maandishi makubwa, na maswali mengine ayajibu kwa mdomo.