Ramadhani 14: Njumu zilizochanika

Sadio Mané alitoroka kwao Bambali, kusini mwa Senegal, akaenda Dakar kutafuta mpira. Familia ikamrudisha asome kwanza; akatii, ndipo wakamruhusu. Kwenye majaribio alifika na njumu zimechanika, mzee mmoja akamshangaa. (Na sisi tungemcheka, tuseme ukweli.) Mwaka 2011 akasajiliwa Metz, Ufaransa.

Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, na kijijini hapakuwa na hospitali. Mwaka 2021 hospitali aliyoijenga ikafunguliwa hapohapo Bambali.

Wewe unayeomba riziki mwezi huu, mkataba, viza, kazi ya ng'ambo, umeshanuia itamfikia nani? Mtaje kwenye dua yako leo, kabla ya adhana ya Magharibi.