Kilimo cha Vitunguu Katika Bonde la Ufa

Mkulima aliye Nakuru, Rongai au Naivasha aweza kupata vitunguu vizuri, lakini kwanza na aichague mbegu yake kwa makini. Kitunguu hufuata urefu wa mchana. Nakuru i karibu na Ikweta, na mchana wake ni kama saa 12 mwaka mzima. Mbegu za Ulaya ya kaskazini hungoja mchana wa saa 14 au zaidi ndipo mmea ufanye kitunguu. Zikipandwa huku hutoa majani mengi, na chini hamna kitu. Basi chagua Red Creole au Bombay Red, ambazo zatosheka na mchana wetu.

Sia mbegu kitaluni. Baada ya majuma 6 mpaka 8, miche ikiwa nene kama penseli, ihamishe shambani. Acha sentimeta 30 baina ya mistari, na 10 baina ya mche na mche. Usiizike sana, maana kitunguu hutaka kuvimba karibu na uso wa udongo. Palilia mapema, kwa kuwa majani yake membamba hayawezi kuyashinda magugu.

Majani yaanzapo kulala, acha kumwagilia maji. Ng'oa siku ya jua, kisha anika mahali penye kivuli na upepo mpaka shingo zikauke kabisa, ndipo ukate majani. Kitunguu chenye shingo mbichi huoza ghalani na kuviozesha vingine. Kilichokauka vema huweza kungoja bei nzuri.