Wakala anataka laki tatu ili binti yangu akacheze vikapu Marekani

*Shangazi, nakuandikia kutoka Nyamira. Mimi ni mkulima wa majani chai upande wa Kebirigo. Binti yangu wa pili ana miaka 19 na urefu wa futi sita na inchi mbili. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, akapata C+. Anacheza mpira wa vikapu tangu kidato cha pili, na timu ya shule yao ilifika mashindano ya Nyanza. Huko alikutana na mtu anayejiita wakala. Anasema kuna chuo Marekani kinamtaka, na baada ya miaka miwili atakuwa analipwa kwa dola. Anadai Sh300,000 za "kufungua faili" kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi itaenda kwa mwingine. Nimeshapata mnunuzi wa nusu ekari ya chai. Mke wangu sijamwambia kwa sababu najua atakataa. Yeye anataka binti asomee kazi ya kueleweka. Ndugu zangu nao wananicheka, wanasema msichana mkubwa hivi nimtafutie mume. Mwenyewe haongei na mtu, kutwa anadunda mpira uani. Nifanye nini?*
*Baba Mwenye Mawazo, Nyamira*

Ndugu yangu, usiuze hiyo chai. Nimeanza na hilo kwa sababu mwisho wa mwezi umekaribia na mnunuzi anasubiri. Mengine tuyazungumze polepole.

Chuo cha Marekani kinachomtaka mchezaji hakimwombi babake pesa. Chenyewe ndicho kinachotoa. Timu ya wanawake ya ngazi ya juu ya vyuo vya kule huwa na wachezaji 15 tu wa kufadhiliwa, na kocha anayemgawia mgeni nafasi moja kati ya hizo amemtazama kwenye video mara nyingi, ameongea naye, ameomba vyeti vyake. Je, kuna kocha aliyewahi kuongea na binti yako, hata kwa simu? Kama hakuna, kilichopo ni maneno ya mtu mmoja aliyesimama kando ya uwanja.

Mwambie wakala akuonyeshe fomu iitwayo I-20. Hiyo hutolewa na chuo chenyewe kikishamkubali mwanafunzi, na bila hiyo ubalozi wa Gigiri hautampa viza ya masomo. Itazame kwa makini. Ina jina la chuo na la mwanafunzi, halafu ina sehemu ya fedha: huku gharama za mwaka, huku nani atazilipa na kiasi gani. Kama ufadhili upo, umeandikwa pale. Kisha tafuta mwenyewe anwani ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwenye tovuti ya chuo hicho, uwaandikie kuuliza kama karatasi ni yao. Anwani utakayopewa na wakala usiitumie. Ipo pia ada ya SEVIS, dola 350, nayo hulipwa serikali ya Marekani kwa jina la mwanafunzi. "Kufungua faili" halimo popote katika safari hii.

Nina jirani aliyeuza ng'ombe wawili kwa maneno kama hayo. Kijana wake alikaa Nairobi miezi minne katika chumba cha kupanga na wenzake watano, wote warefu, wote wakisubiri viza. Siku moja simu ya wakala ikazima. Kijana alirudi kwa basi la usiku na viatu vya mpira ndani ya mfuko wa plastiki, na mpaka leo hapendi kuulizwa. Mawakala wa kweli wapo. Shirikisho la dunia, FIBA, huwapa leseni na kuyatangaza majina yao, nao hulipwa asilimia ya mshahara wa mchezaji aliyekwisha kusaini mkataba. Mtoto aliyetoka kidato cha nne juzi hana mshahara wa kukatwa.

Sasa kuhusu ndoto yenyewe, maana sitaki uichome pamoja na wakala. Muulize binti kama anamjua Madina Okot. Atakuwa anamjua. Ni msichana wa Mumias, futi sita na inchi sita. Alicheza Chuo Kikuu cha Zetech, hapa hapa kwetu, kwenye ligi ya Kenya. Mwaka 2024 akaenda Mississippi State, na 2025 akahamia South Carolina, timu ya kocha Dawn Staley, mojawapo ya timu kubwa kabisa za wanawake katika vyuo vya Marekani. Tazama mpangilio huo: darasa la Kenya, ligi ya Kenya, ndipo ng'ambo. Hata Tylor Ongwae, ambaye jina lake halihitaji mkalimani kwetu Gusii, alipitia chuo cha Louisiana-Monroe kabla ya kulipwa Ulaya. Wengi tunamkumbuka kwa ule mpira wa sekunde za mwisho Yaoundé, Februari 2021, ulioilaza Angola 74-73 na kuirudisha Kenya AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Lakini hesabu nayo tuifanye. Ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, mwaka 2025 ilikuwa na timu 13, kila moja wachezaji wasiozidi 12. Ni watu 156 kutoka dunia nzima. Hapa nyumbani, timu nyingi hazilipi mshahara wa kuishi. Zenye uhakika ni za waajiri: KPA ya Mamlaka ya Bandari kule Mombasa, Equity Hawks ya benki. Mchezaji anayepata ajira kupitia njia hiyo hubaki na kazi magoti yakichoka, na mwajiri hutaka kuona vyeti. Kwa hiyo mke wako, anayetaka binti asome, hapingi vikapu. Bila kujua, ameishika njia yenyewe.

C+ aliyopata ni mlango wa shahada. Zetech, USIU, Strathmore na Chuo Kikuu cha Nairobi zote zimewahi kuwa na timu za wanawake kwenye ligi. Aandikie makocha wao mwenyewe, kwa mkono wake, aambatishe video ya dakika tatu na matokeo yake ya KCSE, aulize kuhusu punguzo la karo kwa wanamichezo. Nauli ya kwenda Nairobi kujaribiwa italipwa na majani ya wiki chache, na michai ibaki shambani.

Muulize kila kocha pia nani hulipia matibabu. Wasichana huchanika kano ya goti mara nyingi kuliko wavulana, hasa wanapotua vibaya, na viwanja vingi vya kwetu ni saruji iliyopasuka ambayo mvua ya alasiri huiacha ikiteleza. Goti likienda kabla ya mkataba, gharama ni yako na SHA.

Kuhusu shamba, sheria inataka idhini ya mke kabla ya kuuza ardhi ya familia, na shamba la kilimo lazima lipite bodi ya ardhi. Lakini hata kama sheria isingesema, nani huamka alfajiri kuchuma chai hiyo? Mwambie leo, kabla hajasikia kwa mnunuzi. Atakasirika, na ana haki. Ndugu zako waache wacheke. Hakuna aliyejitolea hata nauli.

Jambo moja katika barua yako limenisumbua. Umeniandikia urefu wake, alama zake na bei ya ndoto yake, lakini hujasema popote kwamba umewahi kumwona akicheza. Timu yake ya zamani ya shule ikiwa na mechi ya kirafiki, au wakikutana tu jioni kurusha mpira, nenda na mamake. Kaeni upande wa kikapu. Mtazame anavyoruka, na hasa anavyotua, kama ni kwa miguu miwili. Kisha mwulize yeye anataka nini, kwa maana katika barua nzima sauti yake sijaisikia.